Kamba ya Shingoni

Pikapu ilikuwa katikati ya mto maji yalipokuja. Mvua ilinyesha huko juu. Hapa Kenyamonta hakuna aliyeona hata tone, na ndivyo mito ya huku inavyoua watu. Machage alikanyaga mafuta, gari likateleza, likalala ubavu, kioo kikapasuka.

Mkewe Rhobi na mdogo wake Wiliam walimburuta hadi juu ya jiwe kubwa mtoni. Ndipo Rhobi alipouona mkato chini ya taya la mumewe, urefu wa kidole, damu nyeusi ikifurika hadi kifuani.

Wiliam alichana shati lake, akalizungusha shingoni chini ya jeraha, akakaza kwa nguvu zote. Mguu ukikatika si hufungwa hivyo?

Damu ikazidi. Uso wa Machage ukavimba, macho yakamtoka.

Rhobi aliwahi kuiona shingo ya namna hiyo. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo siku ya kutoa damu ya ng'ombe ya kunywa yeye ndiye aliyeshika kamba ya shingoni. Unakaza, mshipa unatuna, mshale unaingia, kibuyu kinajaa. Kisha mzee anasema, "Legeza," na damu inakatika yenyewe.

"Fungua, Wiliam! Unamkamua kama ng'ombe wa kupigwa mshale!"

"Mwanamke na mishale wapi na wapi, shemeji?"

"Nimeshika kamba miaka sita. Fungua, kaka yako anakufa!"

Hakungoja jibu. Alilitoa shati, akamlaza Machage chali, akabandika kitambaa cha shati hilo juu ya jeraha na kukandamiza kwa kidole gumba.

"Damu hairuki, inatiririka tu," alisema. "Ni mshipa uleule wa ng'ombe. Kichwa chake usikigeuze. Koo usiliguse, apumue. Na upande wa pili usibane, damu ya kichwani ipite."

Damu ikapungua. Maji hayakupungua. Yalilamba nyayo zao, yakafika magotini kwa Wiliam aliyesimama upande wa chini wa jiwe, naye akapiga magoti amkinge kaka yake kwa mgongo. Rhobi aliogopa, lakini kidole hakikusogea. Mkono ulikufa ganzi. Akauegemea kwa uzito wa mwili.

Jua lilikuwa limeinama watu wa ng'ambo walipofika na trekta na kamba.

"Mfungeni kwapani!" Wiliam alipaza sauti. "Shingoni ni pa Rhobi!"

Walivutwa hivyo, watatu wameshikamana, maji yakiwapiga videvuni. Njia nzima hadi hospitali ya Mugumu, Rhobi hakuinua mkono.

Daktari, mzee mwenye mvi, alichungulia chini ya kitambaa, akaweka vidole vyake kando ya kidole cha Rhobi.

"Nimeushika mshipa, mama. Legeza."

Rhobi alitaka kulegeza. Kidole kilikataa, na yeye akaanza kulia kwa sauti. Ikabidi Wiliam, polepole, amfungue vidole kimoja kimoja.