Mmea Ulionuka Dirishani

Kila asubuhi ya likizo, Chiriku alifagia sebule, kisha akaenda dirishani kuulisha mmea wa darasa lao. Ulikuwa mmea mdogo unaokula wadudu. Kila jani liliishia na kinywa chenye meno membamba. Mwalimu wa sayansi alimkabidhi yeye kwa sababu ndiye aliyenyoosha mkono kwa mbwembwe kuliko wote.

Siku hiyo uvundo ulimlaki kabla hajafika dirishani. Vinywa vitatu vilikuwa vyeusi, vinachuruzika ute. Majani machanga ya katikati yalikuwa yamejisokota ovyo.

"Uchafu huo utoke leo," mama yake alisema, amebana pua. "Upone, au uende jalalani."

Chiriku aliubeba mmea, mkono ukiwa mbali na uso, mpaka kwa Bi Miche, bibi aliyeuza miche nyuma ya soko.

"Unaulisha nini?" Bi Miche aliuliza.

"Nzi, bibi. Nzi tu."

"Basi ubovu umeanzia mizizini. Hapo hakuna dawa. Tuuchome, usije ukaiambukiza mimea yangu."

Chiriku aliuvuta mmea kwake. Angewaambia nini wenzake?

"Bibi, ngoja! Nimekudanganya. Kushika nzi kunanitia kinyaa. Nilikuwa naupa nyama ya kusaga."

Bi Miche hakufoka. Alikibanua kinywa kimoja kwa kibano. Donge la kijivu likachomoka, na funza wawili weupe wakijinyonganyonga ndani yake. Chiriku akageuza uso.

"Usigeuke. Vilivyobaki ni vyako," Bi Miche alisema, akampa kibano.

Chiriku alichomoa uozo wote, huku akitema mate pembeni na machozi yakimlenga. Bi Miche akachimbua udongo kidogo. Mizizi ilikuwa mizima, migumu. Kisha akaelekeza kioo cha kukuzia katikati ya mmea.

"Tazama."

Wadudu wa kijani, wadogo kuliko punje ya mchele, walikuwa wamerundikana juu ya majani machanga.

"Vidukari hao. Wananyonya jani likiwa bado changa, ndiyo maana linakua kombo. Nyama imeozesha vinywa, hawa wamepinda majani. Uzamishe mmea wote kwenye maji ya mvua siku mbili."

Chiriku alifanya hivyo. Vidukari walielea juu kama ukoko wa kijani, naye akawaondoa kwa kijiko, uso ameukunja. Tangu hapo akawa anakamata nzi mwenyewe.

Baada ya wiki tatu, jani jipya lilichomoza limenyooka. Chiriku akampelekea Bi Miche aone.

"Kwa mwalimu utasemaje?" bibi aliuliza.

"Nitamweleza yote. Hata nyama."

"Vizuri. Maana kidogo tu niuchome mmea mzima wenye mizizi mizima, kwa sababu ya maneno mawili: nzi tu. Mtu akikosea, mjukuu wangu, aseme mapema. Aibu yake itapita, na kilichoharibika kitapata wa kukitengeneza."