Sauti ya Ange Dirishani

Jua lilikuwa linazama nilipoingia dukani kwa Melkiadi, Kibondo mjini, kutafuta ruta. Nilimwambia nahama kampuni. Intaneti ya ile ya zamani ilikuwa inakatika kila magharibi, wakati ule ule mdogo wangu Ange, aliyeolewa Ubelgiji, anapompigia mama kwa video.

Sikumwambia yote.

Sikumwambia kwamba ruta ya zamani nilikwisha kuichomoa ukutani, na bado mama aliongea na Ange kila jioni. Simu imezimwa, imo mkobani mwangu. Mama amelala chumba cha nyuma, miguu haimbebi. Mimi nimesimama mlangoni, naisikia sauti ya mdogo wangu ikitoka nje, upande wa migomba...

"Mama, toka. Njoo huku."

Na harufu. Kama nywele zilizoungua.

Jana yake nilimkuta mama ameketi kitandani, anatafuta kandambili. Mama ambaye hajasimama tangu masika.

Melkiadi aliuliza nyumba yetu ikoje. Nikamwambia tofali za kuchoma, kuta nene, na chumba ninachokitaka kiko mwisho kabisa. Akaweka mbili mezani. Ile ndogo, alisema, itaishia sebuleni. Kubwa yenye antena inafika mbali, ila umeme ukikatika nayo inalala. Nikauliza kama ipo yenye nguvu na betri yake humo humo. Akaingia stoo, akatoka nayo. Inapokea laini ya kampuni yoyote, akasema, hawa wapya wakikuchosha unahama tena.

"Nipe hiyo," nikasema.

Nyumbani Murungu nilikuwa nimemwacha mama na Consolée, mke wa jirani yetu mzee Ndayikunda. Mzee mwenyewe alinishauri nimpeleke mama Kasulu kwa ndugu, maana kitu kikishaanza kuita hakiachi. Nilikataa. Nyumba ile baba aliijenga kwa mikono yake, baada ya kupewa uraia wa Tanzania. Hatukukimbia Burundi ili tuje kukimbia tena Murungu.

Kesho yake niliiweka ruta dirishani, chumbani kwa mama, taa zake zikatazama migomba. Magharibi Ange akatokea kwenye simu, uso mzima, bila kukwama. Mama akacheka.

Umeme ukakatika.

Giza. Ruta ikaendelea kuwaka. Halafu ile harufu...

"Mama, toka."

Ilikuwa sauti ya Ange. Lakini Ange wa kwenye simu alikuwa amefunga mdomo. Alinitazama, macho yamemtoka.

"Dada Divine," akanong'ona, "nani huyo?"

Nilimshika mama mkono. Ulikuwa wa baridi, na ulikuwa unanivuta. Kwa nguvu ya mtu mwenye afya yake.

"Mama, toka. Nimefika."

Ndipo Ange akapaza sauti, kwa Kirundi chetu cha nyumbani. "Mwiriwe, mama." Salamu ya jioni. Akamwuliza ameshindaje, amekula nini, goti linaendeleaje. Kila sauti ya nje ilipoita, yeye alisalimia upya.

Mama akageukia dirisha.

"Wewe," akasema taratibu, "hujaniamkia hata siku moja. Mimi sikuzaa mtoto wa hivyo."

Mkono wake ukalegea. Nje, kitu kizito kikapita juu ya majani makavu ya migomba, bila haraka, kikaelekea barabarani.

Asubuhi nilikagua chini ya dirisha. Hakukuwa na nyayo. Majani tu, yote yamelala upande mmoja.

Mama sasa anakula vizuri, na Ange anapiga kila jioni. Nilidhani yamekwisha. Juzi mzee Ndayikunda akaja, kofia mkononi, akauliza kama intaneti yetu inaweza kufika kwake. Consolée anaitwa kila magharibi.

"Anaitwa na nani, mzee?"

Aliizungusha kofia mkononi.

"Na wewe, mwanangu. Ni sauti yako."

Nikampa nywila. Jua lilipoanza kuzama nilimwacha mama na Ange kwenye simu, nikabeba kigoda, nikavuka barabara, nikaketi mlangoni kwa Consolée.

Kama kinataka kuita kwa sauti yangu, kije kiite nikiwa hapa.