Raba Zilizowekwa Chini ya Benchi

Shule zilipofungwa mwezi wa Aprili, mwaka wa 1999, Twaiba alikuwa akiamka alfajiri, anateka maji, anapika chai, kisha anafuatana na baba yake hadi ghalani Ukunda. Tangu mama yake afariki, baba hakupenda abaki nyumbani peke yake. Kazi yake ghalani ilikuwa kufagia, kupangusa vumbi kwenye rafu na kuwapa wateja kiti. Akimaliza, alikaa mlangoni na vitabu vyake vya darasa la saba.

Ghala lile liliuza vipuri vya pampu za mkono, zile zinazotegemewa na vijiji vingi vya Kwale kwa maji. Vipuri vilitoka India kwa meli, vikashuka Kilindini, vikalala bandarini mpaka wakubwa wamalize kuandikiana, ndipo vikafika Ukunda. Kilichotafutwa kuliko vyote kilikuwa raba, pete nyeusi ndogo kama bangili ya mtoto. Raba ikichakaa, utapiga pampu mpaka mikono ife ganzi na tone lisitoke.

Hapo zamani Waziri, baba yake Twaiba, akiona rafu inaelekea kuwa tupu alimwambia dereva, "Waambie wakubwa raba zinaisha." Wakubwa wakikumbuka, waliagiza. Wasipokumbuka, aliyetukanwa na wateja ni Waziri. Lakini mwaka huo kampuni ilileta kompyuta, na pamoja nayo akaja Joan, msichana wa kutoka bara aliyesomea mambo hayo. Mali ikiingia, Joan anaandika, ikiuzwa, anaandika. Programu iliyotoa risiti ndiyo hiyo hiyo iliyohesabu mali iliyobaki, na kitu kikipungua, ndiyo iliyotayarisha agizo la kwenda India. Kila jioni hesabu zilisafiri kwa waya wa simu hadi ofisi kuu Mombasa.

"Kwa hiyo haingojei mtu aikumbushe?" Twaiba aliuliza siku moja.

"Haingojangi mtu," Joan alisema. "Lakini haina macho. Inajua tu kile nimeiambia."

Waziri, aliyekuwa akifunga mzigo kwa kamba, alicheka puani. "Basi ni kama wakubwa wenyewe."

Kulikuwa na jambo moja ambalo kompyuta haikuambiwa. Watu wa pale hawakuja ghalani kununua tu. Walikuja pia kuwekewa. Mtu hupita, hujulia hali, huuliza habari za watoto na za shamba, kisha akiwa tayari amekwisha kugeuka kuondoka, husema, "Waziri, niwekee raba, nitazifuata tukishachanga." Waziri hakuweza kumkatalia mtu usoni, hasa mkwe au jirani. Alizitoa raba rafuni akazitia katika katoni chini ya benchi, na kila fungu akalifunga uzi wake. Kwa kuwa hazikuuzwa, Joan hakuandika lolote. Kwa kompyuta, raba zile zilikuwa bado rafuni, zinangoja mnunuzi.

Bibi yake Twaiba, aliyekaa Msambweni, naye alikuwa na fungu lake. "Pampu yetu imeanza kulia kama punda," alimwambia mwanawe. "Niwekee mapema."

Twaiba alimpenda sana Bibi. Katika zile mvua kubwa zilizong'oa madaraja, pampu ya Msambweni iliharibika, Bibi akanywa maji ya kisima cha wazi, akaugua tumbo mpaka akalazwa. Twaiba hakusahau jinsi macho yake yalivyokuwa yameingia ndani. Kwa hiyo, siku alipopangusa vumbi akaona rafuni zimebaki raba chache tu za mwisho, alitazama huku na huku. Joan alikuwa kwenye simu. Baba alikuwa nje. Alizikusanya zote, akazitia katika katoni pamoja na fungu la Bibi ziwe akiba yake, akazifunika kwa gunia. Moyo wake ulimwambia kwamba huo si wizi, maana hazikutoka ghalani.

Siku chache baadaye alikuja mwanamke mmoja, vumbi limempanda hadi magotini.

"Hodi hapa. Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mama, karibu ndani," Waziri alimjibu. Twaiba akampa kiti na kumwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Mwanarusi, nimetoka Kikoneni. Kamati ya maji imenituma raba. Pampu yetu haipandishi. Twanywa maji ya bwawa pamoja na ng'ombe, na ng'ombe ndio wanaotangulia. Watoto wameanza kuhara. Jana tumembeba mmoja hadi hospitali ya Msambweni, hata kulia hawezi."

Joan aliangalia kioo cha kompyuta. "Usijali, mama. Ziko, tena nyingi."

Waziri alikwenda rafuni, akapapasa hadi ukutani. Palikuwa patupu. "Hakuna," alisema.

"Mzee Waziri, ziko. Mimi naziona hapa."

"Basi zitoe humo kwenye kioo umpe mama aende zake."

"Usinichekeshe, mzee. Mashine haikulangi raba."

"Wala mimi sizili, mwanangu."

Mwanarusi aliwatazama kwa zamu, kama mtu aliyekuja msibani akakuta watu wanagombania viti. "Sasa ziko au haziko?" aliuliza.

Joan aliipigia simu ofisi kuu. Alipoweka mkono wa simu chini, uso wake ulikuwa umebadilika. "Meneja anakuja mchana huu. Anasema, kama mali iko kwa hesabu na haiko kwa rafu, ghala lina mwizi. Mzee, yeye ndiye amesema. Si mimi."

Waziri aliketi juu ya mfuko wa saruji. Twaiba alimsikia akinong'ona, "Za katoni ni za wenyewe, niliwapa neno langu. Lakini zile za rafuni? Niliziona kwa macho yangu."

Twaiba alisimama pale na ufagio mkononi. Akisema, Bibi atakosa raba za akiba, na baba atajua alichokifanya. Akinyamaza, baba ataitwa mwizi mbele ya watu, na huyu mama atarudi Kikoneni mikono mitupu, kwa watoto wanaokunywa maji ya ng'ombe. Alijaribu kuendelea kufagia. Ufagio ulikuwa mzito.

"Baba," alisema, "za rafuni nilizitoa mimi. Zimo kwenye katoni. Nilimwekea Bibi."

Waziri hakumkaripia. Aliinama, akaivuta katoni, akaondoa gunia. Joan alichuchumaa akatazama mafungu yaliyofungwa nyuzi: la mwalimu, la imamu, la mkwe, la mtu wa Lunga Lunga aliyeahidi kuja tangu mfungo wa Ramadhani.

"Kumbe zote ziko huku chini," Joan alisema polepole. "Ndio maana agizo halijawahi kutoka. Mashine imekuwa ikidhani tuko na raba za kutosha."

"Na hata zikiagizwa leo, meli haiji kesho," alisema Waziri.

Joan aliinamisha kichwa. "Programu ina mahali pa kuandika mali iliyowekewa mtu. Niliona, nikasema hiyo ni ya maduka makubwa, nikapita tu. Hata mimi nimekosa."

Waziri alizihesabu zile alizozificha Twaiba. Zilitosha pampu ya Kikoneni. Mwanarusi alilipa, Joan akaandika, risiti ikatoka. Kabla ya kuondoka, mama yule alimshika Twaiba bega. "Ningekuwa na mama mzee, nami pengine ningeficha," alisema. "Lakini nashukuru umesema."

Meneja, Bwana Mramba, alifika na gari lake jeupe, akaanza kufoka kabla ya kushuka. "Nani ameanzisha upuuzi huu wa kuwekeana mali?"

"Mimi," Waziri alisema. "Na binti yangu aliongeza zake kwa kutojua, ameshasema mwenyewe. Tumekosa, bwana, nasi hatukufichi. Ila nawe nikuulize. Mlipofundishwa mashine hii kule Mombasa, mlikula biriani siku nzima, mameneja watupu. Ni mtu gani wa ghala aliyealikwa?"

Bwana Mramba aliipitia katoni fungu kwa fungu. Mwisho alisema Waziri amepewa onyo, na kwamba wiki ijayo Joan atamfundisha programu yote. Kisha wakakaa watatu mbele ya kioo. Joan aliandika kila fungu, mwenyewe ni nani na atalifuata lini. Asiyekuja siku yake, raba zitarudi rafuni. Alipomaliza, hesabu ya raba zilizo huru kuuzwa ilisoma sufuri, na jioni hiyo agizo la India lilisafiri na hesabu za siku.

Ijumaa walikwenda Msambweni kumweleza Bibi. Aliwasikiliza mpaka mwisho. "Nilitaka ya kesho yangu," alisema, "na mwenzangu hana ya leo. Fungu langu nalo lirudisheni. Pampu ikifa kabla ya meli kuja, nitachemsha maji ya kisima kama walivyonifunza hospitalini."

Waliporudi, Twaiba alitembea nyuma ya baba yake. Mwishowe alijikaza. "Baba, umepewa onyo kwa ajili yangu. Meneja hakupewa lolote."

Waziri alisimama kumngoja. "Wakubwa wana makosa yao, mwanangu, na maadamu ninapumua nitawaambia. Lakini umeona siku ile? Kama ungenyamaza, mimi ningesimama mbele yake kama mwizi, na neno langu lingekuwa takataka. Uliposema kosa letu, nilipata mdomo wa kusema lake. Kitu ukikificha, hata kwa kumpenda mtu, yuko mwingine asiyejua kwamba hakipo, na ndiye atakayeumia. Sema ukweli wako kwanza, hata ukiwa mchungu. Baada ya hapo, muulize mkubwa yeyote unachotaka."

Alimshika mkono, wakavuka barabara.