Kioo Hakimo Kwenye Bima

Kioo cha mbele cha gari la Foibe Ndahani kiliweza kuona punje ya changarawe umbali wa mita mia tatu. Kilimwona mbuzi kabla mbuzi mwenyewe hajaamua kuvuka. Kilikata kona, kikapunguza mwendo na kupishana na malori bila mtu kugusa chochote, maana usukani ulipigwa marufuku tangu Foibe akiwa darasa la nne. Ndani yake mlikuwa na tabaka saba nyembamba kama ngozi ya kitunguu, zimejaa vihisi, na tabaka la katikati ndilo lililofikiri. Watu wa Mpwapwa walikiita kioo-dereva, na siku za mwanzo walikisifia kweli.

Basi, Jumanne moja, walipokuwa wameipita Kongwa, lori lisilo na mtu ndani lilirusha kijiwe. Ta! Alama yenyewe ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele. Gari likasogea pembeni kwa adabu zote, likazima.

"Kioo kimejeruhiwa," likasema. "Fundi atakufikia ndani ya saa tano. Tunakutakia siku njema."

"Siku njema ya nani?" Foibe alifoka. "Nina mgonjwa humu!"

Mgonjwa alikuwa mama yake, Bi Perusi, ambaye figo zake zilikufa mwaka juzi. Mara tatu kwa wiki alitakiwa kufika Dodoma kusafishwa damu kwa mashine. Akikosa siku moja, anavimba miguu. Akikosa mbili, maji yanapanda kwenye mapafu. Foibe alipiga simu kuomba gari la wagonjwa, akaambiwa kwamba hilo ni la dharura tu, na figo si dharura mpaka mtu aanguke. Alikuwa mhandisi wa visima, mtu wa kurekebisha pampu kwa waya na koleo, na sasa alisimama kando ya barabara ameshindwa na alama ambayo angeweza kuifunika kwa ukucha. Alilipiga teke tairi. Aliumia mwenyewe. Walifika Dodoma jioni, zamu zimekwisha, na usiku wa Jumatano Bi Perusi alilala ameketi kwa sababu pumzi ilimbana akilala chali.

Wiki hiyo hiyo alikuja Sostenes Mgaya, wakala wa bima, na tabasamu lake.

"Nina bima kubwa," Foibe alimwambia kabla hajakaa. "Inakinga gari zima. Nieleze kwa nini sikuhudumiwa."

"Gari zima, ndiyo, dada. Ila kioo hakimo."

"Kioo si gari?"

"Kioo ni dereva. Dereva ana bima yake."

"Na mimi je?"

"Wewe ni abiria, dada Foibe."

Foibe alimtazama mpaka tabasamu likapungua. Sostenes akaendelea haraka. Bima ya kioo, alisema, haileti fundi mapema, lakini inaleta Jicho la Akiba. Kioo kikijeruhiwa, akili ya dharura iliyoko angani inalishika gari kupitia kamera ndogo za kwenye bampa na kulifikisha linakokwenda. Sharti ni moja tu: mteja asiliamuru Jicho lifanye lolote. Akiliamuru, bima inafutwa, na hapewi nyingine.

Bei yake ilikaribia ile ya bima ya gari zima. Foibe alikaa na karatasi ile siku mbili, akihesabu mawe ya mwaka mzima: manne. Mawe manne kwa safari zaidi ya mia na hamsini. Kwa hesabu ya kawaida, bima hiyo ilikuwa hasara tupu, wizi wa mchana kweupe. Lakini kila jiwe lilikuwa usiku mmoja wa mama kulala ameketi. Akaweka kidole gumba kwenye karatasi huku akiwalaani wote walioiandika.

Jiwe la tano halikuchelewa. Liliwapiga Mbande, asubuhi ya Jumamosi. Kabla Foibe hajamaliza kutukana, sauti ilisikika: "Poleni na safari. Jicho la Akiba limeshika gari." Gari likaendelea. Halikuwa laini kama kawaida, liliyumba kidogo kwenye kona, lakini lilikwenda. Bi Perusi alishukuru Mungu kwa Kigogo na kwa Kiswahili. Foibe naye alikiri moyoni kwamba Sostenes, mwizi yule, safari hii alisema kweli.

Buigiri walikuta msiba. Pikapu ilibeba jeneza, imefungwa matawi mabichi, na nyuma yake watu walitembea kwa miguu, akina mama wamejifunga kanga viunoni. Kila mtu alijua vioo-dereva hufanya nini hapo. Waliovitengeneza hawakuwahi kuvifundisha msiba, kwa hiyo vilihesabu kuwa ni kizuizi kinachotembea, vikapiga honi na kupita, na wafiwa wakala vumbi. Watu walilalamika mwaka wa kwanza na wa pili, kisha wakachoka.

Gari la Foibe halikupita. Lilitoka barabarani, likasimama, likazima kabisa.

"Nini tena?" Foibe aligonga dashibodi. "Hospitali wanashikilia kitanda mpaka saa nne! Twende!"

"Hebu nyamaza," mama yake alisema. "Msiba unapita."

Watu walipita taratibu. Mzee mmoja aliinua mkono kulishukuru gari. Halafu, kutoka kwenye spika, Foibe akasikia mtu anashusha pumzi, na sauti ya chini ikisema, "Apumzike kwa amani."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Jicho la Akiba."

"Jicho halishushi pumzi. Nani wewe?"

"Dada, naomba upunguze sauti, wanapita nyuma yetu hapa. Naitwa Method. Niliendesha mabasi ya Bukoba miaka kumi na tisa, kabla ya hivyo vioo."

"Wametuambia ni akili iliyoko angani."

"Ndio sisi. Tuko arobaini ukumbini, madereva watupu. Kila mmoja ana skrini sita na pedali sita. Ukipepesa macho sana, wanakuandikia kosa." Alikohoa. "Sikukusudia kuwachelewesha. Nimeona jeneza, mguu umekanyaga breki wenyewe. Mama, shikamoo. Nisamehe."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Perusi. "Hukukosea."

Walisimama dakika tisa. Walifika hospitali saa nne kasoro dakika tatu, na Foibe alimkimbiza mama kwa kiti cha magurudumu huku muuguzi akiwa ameshaanza kumwita mwingine.

Damu ilipokuwa inazunguka kwenye mashine, simu ya Foibe ikalia. Fomu ya bima. *Gari lilisimama dakika tisa bila kizuizi. Nani aliamuru? Mteja. Jicho.* Alimpigia Sostenes.

"Bonyeza Jicho tu, dada. Wataliondoa, wataweka jingine."

"Unajua kwamba hilo Jicho ni mtu?"

"Mimi nauza bima, dada Foibe."

Foibe alikata simu. Hasira zilimpanda na hakujua azielekeze wapi. Sostenes? Wenye vioo? Hata yule Method naye, mtu mzima, kwa nini asingepita tu kama mashine zinavyopita? Akimtaja, mama anabaki na bima. Asipomtaja, jiwe moja tu, popote kati ya Mpwapwa na Dodoma, linatosha. Hesabu hii haikuwa ngumu. Kidole kilikuwa kimeshafika juu ya neno Jicho.

"Soma kwa sauti," mama alisema kutoka kitandani.

Foibe alisoma.

"Andika mimi ndiye niliyesema simama."

"Hukusema, mama."

"Ningesema. Alinitangulia tu."

"Mama, wakifuta hii bima hawatupi nyingine! Umesahau ile Jumatano? Mimi sijasahau. Nilikaa nakuhesabia pumzi!"

"Sijasahau." Bi Perusi aliinua mkono ule usio na mipira. "Inayosafishwa ni damu yangu, Foibe. Usiniamulie peke yako. Lete simu."

Foibe alimpa. Alilia waziwazi, mbele ya wagonjwa wanane, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, huku kidole cha mama yake kikitafuta neno polepole na kulibonyeza. Simu ikajibu palepale: *Asante kwa ukweli wako. Bima yako ya kioo imekoma leo.*

Fundi alikuwa ameshaweka kioo kipya walipotoka, safi, hakina hata alama ya kidole. Wakaanza safari ya kurudi. Walipoiacha Dodoma, lori la kwanza likatokea mbele yao, refu, tupu, linakuja kwa kasi na changarawe zikiruka pande zote.

"Fumba macho," alisema Bi Perusi, akamshika mkono. "Litapita."

Foibe hakufumba.