Uji wa Bondeni

Chini ya jiji la Mikunguni, ndani ya mabomba ya maji taka, vinusio elfu arobaini, mashine ndogo za kunusa, vilitambaa usiku na mchana. Kila kinusio kilikuwa na ukubwa wa panya buku, na pua yake ya kioo ilizama katika kinyesi cha watu ikatambua vijidudu vya maradhi kabla mgonjwa mwenyewe hajashikwa na tumbo. Habari zote zilipanda hadi ghorofa ya tisa ya Idara ya Kinga, zikachorwa kwenye Ramani ya Maradhi: mtaa salama mweupe, mtaa mgonjwa mwekundu.

Msomaji wa ramani hiyo alikuwa Dakta Sikudhani Mbwilo, mtaalamu wa takwimu. Mwezi Machi aligundua kwamba palipokuwa na wauza uji wengi, kuharisha kulikuwa maradufu. Akaandika ripoti, na ndani yake akaweka onyo: "Mambo mawili kuonekana pamoja hakuthibitishi kwamba moja limeleta jingine. Tuchunguze kwanza."

Mkurugenzi wa Idara, Kilindo, alilifuta onyo hilo mbele ya macho ya Sikudhani.

"Dakta, baraza la jiji linataka jibu, halitaki kitendawili. Tia saini."

Akatia.

Wiki hiyohiyo kuuza uji kukapigwa marufuku, na mgambo wa chuma, mashine zenye mikono mirefu, wakaingia mitaani wakamwaga masufuria ya uji na kubeba majiko. Wiki tatu baadaye mtaa wa Bondeni uligeuka mwekundu kwenye ramani kama nyama mbichi. Watu kumi na mmoja walikuwa wamekufa, wengi wao watoto.

Sikudhani akashuka Bondeni kwa miguu yake, kwa mara ya kwanza maishani. Alimkuta Mama Namsifu, aliyekuwa ameuza uji kwa miaka ishirini, akichota maji kisimani. Juu ya maji lilielea povu la kijivu, na hatua tano kando bomba la taka lililopasuka lilikuwa likivuja taratibu.

"Mama, mnakunywa haya?"

"Tunywe nini, mwanangu? Bomba la maji safi halijawahi kufika huku. Ndiyo maana uji ulikuwa na wateja. Mkaa wa kuchemshia maji wengi hawana, basi mimi nilichemsha kwa ajili ya mtaa mzima. Mtoto alikunywa uji wangu, tumbo likatulia. Sasa anakunywa haya."

Hapo akaelewa. Wauza uji hawakuleta maradhi. Walikwenda yalikokuwa maji machafu, na sufuria zao ndizo zilizokuwa kinga.

Alirudi ofisini mbio. Kilindo alikuwa amemaliza chakula cha mchana, akichokonoa meno.

"Bwana Mkurugenzi, tumeua watu."

"Punguza sauti. Mwambie fundi avizime vinusio vya Bondeni," alisema, akakitazama alichokitoa jinoni, kisha akakirudisha mdomoni. "Kikao cha Ijumaa kitaona ramani nyeupe."

Sikudhani alihisi uvundo ambao hata kisimani hakuusikia. Kilichomchefua zaidi ni kwamba kwenye ile ripoti majina yao mawili yalikaa pamoja, lake na la mtu huyu.

Ijumaa alisimama mbele ya baraza akasoma onyo lililofutwa, kisha majina ya marehemu, moja moja. Marufuku ikaondolewa, bomba la maji safi likaagizwa. Kilindo alihamishiwa idara nyingine, akaagwa kwa keki. Sikudhani alifukuzwa kazi kwa kutoa siri za ofisi.

Uji uliporudi Bondeni, alimfuata Mama Namsifu.

"Mama, nilijua kwamba hatuna hakika. Nikasaini."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Mjukuu wangu alikuwa wa saba kufa," alisema Mama Namsifu.

Hakumtukana. Aliendelea kuhudumia foleni nzima, kikombe baada ya kikombe, akipitisha macho juu ya Sikudhani kana kwamba pale hapakuwa na mtu.