Kila Mtu na Siku Yake kwa Mzee Osewe

Mwaka huo wa 1996, kila Jumapili baada ya ibada, tulijaa watu saba katika chumba cha Mzee Osewe hapa mtaani kwetu Kisumu Ndogo. Osewe alikuwa fundi wa viti. Kiharusi kilimpoozesha upande mmoja, hata kujigeuza kitandani hakuweza. Tulimwosha, tukaimba, tukaomba mpaka uji wake ukapoa.

Jumatatu hakuna mtu. Jumanne hakuna mtu. Mkewe Aluoch alishinda sokoni akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, maana lazima wapate chakula.

Mimi Sella ndiye niliyechaguliwa na kanisa kuongoza wauguzaji wa nyumbani, na watu hao walinichosha kabisa. Niliwaambia waende katikati ya wiki. Wakaitikia vizuri, kisha hakuenda hata mmoja. Basi nikaenda mwenyewe kila nilipopata nafasi, nimenuna, nikiwasema njia nzima. Alhamisi moja nilimgeuza Osewe nikaona kidonda kiunoni, kinanuka.

"Nimeanza kuoza," akasema. "Usimwambie Aluoch."

Nilikwenda mtaa wa Kawangware siku hiyo hiyo kumwita Wamuyu, muuguzi aliyetufundisha. Alisafisha kidonda, akampa dawa. Akaeleza kwamba mtu akilalia upande mmoja muda mrefu, damu haifiki kwenye ngozi, na ngozi hufa. Osewe ageuzwe kila baada ya saa mbili. Shuka iwe kavu, bila mikunjo. Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Kikifika mfupani kinaweza kumuua.

Nikaanza kuwalalamikia watu wangu. Wamuyu akaniacha nimalize.

"Umewauliza kwa nini hawaji?"

"Ni wavivu, Sista."

"Nimeuliza kama umewauliza."

Sikuwa nimewauliza. Jumamosi niliwakusanya, Wamuyu akiwepo. Nasike, mwanamke mwenye nguvu kuliko sisi wote, ndiye aliyejibu.

"Tunaogopa. Yule mzee ni mzito. Nikimwangusha nikiwa peke yangu? Jumapili unamgeuza wewe tu. Sisi tunashika beseni."

Niliona aibu. Ni kweli, sikumwachia mtu, kwa sababu niliona wote wanafanya vibaya.

Wamuyu alimlaza Nasike kitandani awe kama mgonjwa. Kila mmoja wetu akajifunza: kunja goti lake, shika bega na nyonga, mvute kwako polepole. Kisha nikampa kila mtu siku yake. Wote waliishi karibu, kwa hiyo kupita kila baada ya saa mbili kuliwezekana. Ilibidi Aluoch aambiwe, na usiku alimgeuza yeye. Mimi nilibaki na Ijumaa, kukagua kidonda na kusikiliza shida zao. Kunyamaza kulinishinda mara nyingi.

Mwezi wa tatu tangu tuanze, kidonda kilifunga.

Jumatano moja nilipita, nikaona mto umekaa vibaya. Nikanyoosha mkono niurekebishe.

"Wacha, Sella," Nasike akasema. "Leo ni siku yangu. Na hujanawa mikono."

Osewe akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nilikasirika kidogo, nikaenda kunawa.