Kadi ya Kubadili Jina

Mimi ni mtu wa Kisii, na kila ninapojitambulisha kwa Wakenya wenzangu hapa Juba, hakosi mmoja wa kuniuliza kama nimekuja na ungo wangu wa kichawi. Nimezoea. Huwa nawajibu kwamba ungo niliuacha forodhani Nimule. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba mimi si mtu wa kuyaamini mambo ya giza upesi. Nitakayokueleza yaliwapata majirani zangu wa New Site, na mkono wangu umo ndani yake, ndiyo maana nayaeleza kwa shida.

Ilikuwa mchana wa kawaida, mwezi wa pili, wiki ya kuandikisha watoto. Nafundisha chekechea. Jirani yangu Chan alikuja barazani kwangu na fomu ya binti yake Nyabol, mtoto wa miaka minne mwenye maneno mengi kuliko meno. Chan alilelewa Nakuru. Alifanya kazi mapokezi katika hoteli moja mjini, zamu ya asubuhi, na mchana ukimkuta nyumbani alikaa chini ya rakuba, kile kibanda cha kivuli cha nyasi, akicheza gemu la risasi kwenye simu.

Fomu yote ilijazwa isipokuwa nafasi ya jina la baba.

"Ticha, hapa ndio nimekwama," alisema. "Kwa karatasi zingine zote mtoto ni Nyabol Maker."

Maker alikuwa kaka yake. Aligongwa na pikipiki huko Nakuru akafa, akiwa na miaka ishirini na miwili, hajaoa. Kwa desturi yao kijana akifa bila mke, ndugu yake humwolea. Ng'ombe walitolewa kwa jina la Maker, Alek, mama yake Nyabol, akaolewa kwa jina la Maker, na Chan akaingia nyumbani kama mume. Mtoto aliyezaliwa alikuwa wa Maker. Chan ndiye aliyelisha, ndiye aliyekesha homa ilipopanda, lakini mtoto alihesabiwa wa marehemu. Mama yao, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Maker, aliishi nao na alilisimamia jambo hilo barabara.

Sasa njoo uone mdomo wangu. "Chan," nikamwambia, "kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na wewe umefanya zote mbili. Andika jina lako."

Alinitazama kama mtu aliyekuwa akingoja kuambiwa hivyo kwa miaka. Akaandika. Nyabol Chan. Kesho yake nikaliingiza kwenye rejista kwa mkono wangu.

Hata akaunti aliyochezea gemu lile haikuwa yake. Aliifungua Maker walipokuwa wakiishi pamoja Nakuru, na alipofariki Chan akaendelea nayo kwa jina lile lile, Maker Nakuru. Wachezaji wa huko mtandaoni walimsalimu kwa jina la kaka yake miaka yote hiyo. Aliwahi kuniambia ni kama kuvaa koti la mtu mwingine: linakupa joto, lakini watu wakikuita kwa nyuma wanamwita mwenye koti.

Wiki ile ile gemu likapata sasisho kubwa. Ramani mpya, bunduki mpya, na zawadi kwa kila aliyeingia siku saba mfululizo. Chan hakukosa hata siku moja. Siku ya saba alilifungua sanduku lake la zawadi mimi nikiwa nimekaa hapo nakunywa chai yao. Ilikuwa kadi ya kubadili jina, ya kutumiwa mara moja tu.

"Ona sasa," alisema akicheka. "Hata gemu limeniruhusu."

Akalifuta jina la Maker, akaandika lake.

Mama Maker alikuwa anachambua mboga. Akauliza kuna nini, Chan akamweleza kwa Kiarabu cha Juba. Mikono ya mama ikasimama. Alipojibu alijibu kwa Kiswahili chake cha kambi ya Kakuma, akinitazama mimi.

"Hii jina iko ya Maker. Yeye natoka kwa mtoto, sasa natoka kwa simu. Ustaza, yeye nakwenda wapi?"

"Mama, ni gemu tu," Chan alisema. "Khalas."

Mama aliiacha ile mboga nusu imechambuliwa, na jua lilipoifikia hakuisogeza.

Siku mbili baadaye Chan alipata ombi la urafiki kwenye gemu. Mwombaji aliitwa Maker Nakuru.

Hakushtuka, wala mimi sikushtuka. Jina ukiliacha huko mtandaoni liko huru, yeyote hulichukua. Tulisema ni kijana fulani mjanja wa Nakuru. Ila Chan alijuta, hasa kwa ajili ya mama yake, akanunua kadi nyingine ili alirudishe. Gemu likamjibu: Jina hili linatumika.

Akalikubali lile ombi, nadhani ili amwombe huyo mtu amrudishie. Wakacheza kikosi kimoja. Alipokuja kunisimulia alikuwa amepunguza sauti.

"Ticha, anacheza kama yeye. Kabla ya kuingia mlango wowote anachutama mara tatu. Hakuna mtu mwingine hufanya hivyo. Maker alikuwa anafanya nikimcheka."

"Umemsikia akiongea?"

"Maiki yake iko wazi. Lakini haongei. Anapumua tu."

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, nilikuwa kwao namsuka Nyabol. Alikaa katikati ya magoti yangu, kichwa chake mikononi mwangu. Alek alikuwa anafua. Chan, siku yake ya mapumziko, alikuwa anacheza, sauti ya simu ikiwa juu ili nami nisikie hizo pumzi. Nikazisikia. Zilikuwa za taratibu, za mtu aliyekaa.

Kisha nikasikia mtoto anahesabu.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, saba."

Nyabol huruka sita. Nimemfundisha mara mia, huiruka. Nilidhani ni yeye, nikataka kumsahihisha. Nikagundua kwamba sauti inatoka kwenye simu. Taya la Nyabol lilikuwa chini ya kiganja changu. Halikuwa linasogea.

"Nane, tisa, kumi," ilimaliza sauti, ikacheka kile kicheko chake cha puani.

Chan aliizima simu. Alek alisimama na nguo mkononi, maji yakimchuruzika miguuni. Nilimgeuza Nyabol nimtazame usoni. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akafungua tena. Hakikutoka kitu.

Tulimpeleka kwa daktari Jumatatu. Koo safi, masikio safi. Daktari akasema mtoto ameogopa kitu, atarudi mwenyewe. Kila mchana Chan aliifungua simu dakika chache, na kila mchana alimsikia binti yake huko, akiongea peke yake, akiimba nyimbo zangu za darasani. Hapa nyumbani mtoto alikaa kimya akitutazama midomo.

"Rudisha jina," Mama Maker alisema. Siku hizo hakusema kingine.

La kwenye gemu halikurudishika. La shuleni lilirudishika. Siku ya nane, ilikuwa Jumamosi, Chan alinijia. Alikuwa amelia na hakujificha.

"Andika Nyabol Maker," alisema. "Mimi sitaki tena. Nataka tu aongee. Aniite anko, aniite chochote, ni sawa."

Tulikwenda pamoja shuleni, hakuna mtu. Nilifungua rejista, nikapiga mstari juu ya jina lake, nikaandika la kaka yake. Baba: Maker. Yeye nikamwandika chini, mlezi. Moyo wangu ulitulia nilipofunga kitabu. Nilijiona nimetengeneza nilichoharibu.

Jumatatu ikaja. Saa sita na nusu, wazazi wamejaa mlangoni, jua linawaka, watoto wanatafuta viatu. Nyabol alikuwa ameketi mkekani na mkoba mgongoni. Shuleni kwetu anayemchukua mtoto husaini daftari, na mwalimu hulinganisha na rejista. Nimefanya hivyo miaka sita. Siku ile nilikuwa nikimfunga mwenzake kamba za viatu.

"Baba."

Sauti yake. Siku kumi sijaisikia. Niliinua kichwa, nikamwona akikimbia na mikono mbele. Chan alikuwa amesimama mlangoni, mwangaza wa nje uko mgongoni pake. Akamwinua, akamweka begani. Machozi yalinijaa. Nilisukuma daftari kuelekea kwake bila hata kulitazama.

"Umesikia?" nikamwambia. "Ameongea."

Aliitikia kwa kichwa. Akasaini. Nilidhani amekabwa na furaha kama mimi. Wakageuka. Nyabol alinipungia mkono kutoka begani mwake, akiwa ameanza kuhesabu.

"Nne, tano, sita, saba."

Nilifurahi kwamba hatimaye ameijua sita. Hilo nalikumbuka vizuri. Nilifurahi.

Saa saba kasoro robo Chan aliingia mbio, na sare ya hoteli, shati limelowa jasho.

"Ticha, pole sana. Boda ilipasuka tairi pale Hai Cinema. Nyabol yuko wapi?"

Nililivuta daftari. Mstari wa Nyabol. Uhusiano: baba. Saini ilisomeka bila taabu, herufi kubwa kubwa za mtu anayeandika polepole.

Maker.

Chan aliitazama, akaweka kidole juu ya ile herufi ya kwanza. "Ni mkono wake," alinong'ona. Akakaa chini, pale pale kwenye mkeka wa watoto.

Nilikimbia getini. Mlinzi wetu Arkangelo hajawahi kuonja pombe, ni mtu wa kanisa.

"Nyabol ametoka na nani?"

"Mimi naona mtoto tu," alisema. "Nasema kwa roho mama yake iko hapo nje. Alikuwa natembea hivi." Akainua mkono wake juu, kiganja kimefumbwa, kama mtoto aliyeshushwa begani akashikwa mkono na mtu mrefu.

Tulimtafuta. Polisi walikuja, kanisa likaja, vijana wa boda walizunguka hadi Lemon Gaba. Mkuu wa shule alinihoji, polisi wakanihoji, nikasema ukweli mara ya kwanza, na nilipoona wanavyotazamana nikasema tu kwamba nilimfananisha mtu. Wala si uongo. Chan na kaka yake walifanana kama shilingi kwa ya pili, picha iko ukutani kwao, nimekunywa chai chini yake mara ngapi. Alek alitembea mitaani siku tatu bila kula. Mama Maker peke yake hakutoka. Alikaa mlangoni pake na kila aliyepita alimwambia jambo moja, bila kupandisha sauti.

"Yeye iko na baba yake."

Jumapili baada ya misa, Chan aliiwasha simu akitumaini kumsikia. Maker Nakuru hakuwepo tena mtandaoni. Lakini alikuwa ameacha zawadi: sanduku dogo, kama yale yanayotumwa rafiki kwa rafiki, na ujumbe mfupi juu yake.

Asante kwa kunilelea.

Chan aliitupa simu uani. Hakuigusa tena. Alek ndiye aliyeiokota, akaipangusa vumbi, akawa anatembea nayo kifuani. Gemu lilitangaza sasisho jingine Ijumaa, na zawadi ambazo hazijafunguliwa hadi siku hiyo zitafutwa. Alek hajacheza gemu maishani mwake, lakini tangazo hilo alilijua neno kwa neno.

Alhamisi mchana alikuja barazani kwangu. Hakukaa. Alininyooshea simu, lile sanduku likitikisika kwenye kioo.

"Mwalimu," alisema. "Chan hataki. Mimi mkono wangu unakataa. Wewe ndiye uliyempa mtoto. Wewe bonyeza."

Nilitaka kumwambia asinibebeshe hilo. Sikuwa na haki ya kumwambia hivyo. Nikabonyeza.

Sanduku lilifunguka. Ndani mlikuwa mtupu. Kisha yakaja maandishi.

Zawadi hii imeshachukuliwa.

Alek aliyasoma, akayasoma tena. Hakulia. Aliniuliza, kwa upole kuliko nilivyostahili, "Alipomwona pale mlangoni, alifurahi?"

Ningeweza kumdanganya.

"Alimkimbilia," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akachukua simu yake, akarudi kwake. Hajanisemesha tena tangu siku hiyo, na simlaumu.

Mkuu wa shule aliniamuru nilichome lile daftari. Nimeshindwa, ninalo kabatini kwangu. Imefika wiki ya sita sasa. Saini zote za ukurasa ule zimekauka kama wino wowote unavyokauka, isipokuwa moja. Jana niliipitishia kidole tena, na kikatoka na bluu mbichi.